Mwanzo, Katikati na Mwisho

Mtu akikwambia anaandika tasnifu, usimuulize inaendeleaje. Muulize amekula nini, muulize kama goti bado linamsumbua, muulize chochote kile, lakini hilo la inaendeleaje limeze. Mwalimu huyu tunayemsimulia alikuwa ameulizwa swali hilo na kila mwenye mdomo, kuanzia mkuu wa shule hadi mlinzi wa getini, na kila mara alijibu "inakwenda," huku moyoni akijua haiendi popote. Imekaa. Imekaa sebuleni ndani ya kompyuta kuukuu, vipandevipande, inamsubiri arudi kutoka kazini immalizie nguvu kidogo alizobakiwa nazo.

Asubuhi alifundisha sarufi kwa vijana wasiotaka hata kuisikia. Mchana alisahihisha insha zao. Jioni, miguu imemvimba, ndipo alipovuta kiti mbele ya kompyuta, akaandika sentensi moja, akaitazama, akaichukia, akaifuta. Huko ndiko kusoma, jamani. Wanaodhani msomi ni mtu wa kukaa kivulini na kitabu hawajawahi kumwona msomi mwenye mtoto, mume na vipindi vya asubuhi.

Tasnifu yenyewe ilihusu namna watu wanavyokataa bila kusema hapana. Usicheke, ni mada nzuri. Mwenye duka anayekwambia "pita kesho," mjomba anayesema "tutaangalia," binti anayemwambia mchumba asiyemtaka "nitakujulisha," wote hao walikuwa wamenaswa, wamepangwa na kuchambuliwa. Mwanzoni Mwalimu aliifurahia kazi hiyo kupita kiasi. Alikuwa akienda sokoni na kurudi kapu tupu, daftari limejaa, anacheka peke yake njiani. Basi, hayo yalikuwa ya wakati ule.

Tatizo lilikuwa kompyuta. Sura ikirefuka kidogo tu, mashine iliganda, ikanguruma, ikazima, na kazi ya jioni nzima ikapotea. Kwa hiyo kila sura aliikata mapande matatu, kila pande faili lake. Moja aliliita mwanzo, la pili katikati, la tatu mwisho. Sura ya Kwanza mwanzo, Sura ya Kwanza katikati, Sura ya Kwanza mwisho, hivyo hivyo hadi sura ya nne. Kulikuwa na Marejeo, kulikuwa na Viambatisho, na kulikuwa na faili moja lililoitwa Mabaki, alikotupia aya zote alizozipenda ambazo hazikupata pa kukaa. Kila faili lilianza na ukurasa wake wa kwanza, na tanbihi zake zikaanza upya na moja.

Msimamizi wake, profesa mmoja mama wa makamo, mkavu, hacheki hata ukimtekenya, alishamwambia wazi: Ijumaa ijayo nataka faili moja. Kurasa zifuatane, yaliyomo yakae mbele, hitimisho liwepo. Muda ulishaongezwa, ukaongezwa tena, na safari hii ofisi ya masomo ya juu ilikuwa imesema basi. Asipowasilisha Ijumaa, usajili unakufa na miaka yote ile inakwenda na maji. Na hitimisho lenyewe alikuwa hajaandika hata mstari.

Sasa tumlete mumewe. Alikuwa mtunza stoo ya vipuri vya malori, mtu wa mpangilio kweli kweli, mtu ambaye hata soksi zake zilijua zilale upande gani wa droo. Stoo yake ilikuwa na sheria moja: kipya kikiingia, cha zamani kinatoka. Na kabla hujaanza kumcheka, jua kwamba huyu ndiye aliyepika jioni miaka yote hiyo, ndiye aliyekwenda kwenye vikao vya wazazi, ndiye aliyembembeleza binti yao akilia anamtaka mama na mama yuko chumba cha pili anapambana na tanbihi. Ndiye pia aliyeanza kumwita mkewe Daktari, sura ya kwanza haijakauka wino, na jina likaenea ukoo mzima. Siku moja wifi yake Mwalimu alikuja, akavua kiatu pale pale sebuleni na kumnyooshea kidole cha mguu kilichoiva usaha.

"Wifi, mimi si daktari wa hivyo."

"Heh! Sasa wewe ni daktari gani usiyetibu?"

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Mwalimu naye alicheka, halafu akaenda chooni akakaa huko kitambo bila haja yoyote.

Jumamosi iliyotangulia Ijumaa hiyo alitakiwa shuleni kusimamia mtihani. Mumewe alibaki nyumbani. Jana yake alikuwa amemkuta mkewe amesinzia kwenye kibodi, shavu limebonyeza herufi moja, kurasa na kurasa zimejaa herufi hiyo hiyo. Ilimuuma. Akasema leo namtua mke wangu huu mzigo. Akawasha kompyuta, akavuta kiti, akayatazama yale mafaili, akatikisa kichwa.

Masikini, aliwaza, ndiyo maana hamalizi. Hatupi kitu!

Maana kwake yeye, na kwa mtu yeyote anayejua Kiswahili, mambo yalikuwa wazi. Mwanzo ni ile aliyoandika mwanzo. Katikati ni ile aliyoirekebisha rekebisha. Mwisho ndiyo ya mwisho, iliyokamilika. Cha zamani kinatoka. Akafuta za mwanzo zote. Akafuta za katikati zote. Mabaki nayo akayafuta, mabaki si mabaki? Na kwa kuwa si mtu wa kuacha pipa limejaa, akamwaga na pipa la taka la kompyuta. Zile za mwisho akaziunganisha moja baada ya nyingine, akazitia namba za kurasa, akaliita faili hilo TASNIFU KAMILI kwa herufi kubwa. Akapika, akafagia, akakaa kumsubiri mkewe huku akipiga mluzi.

"Daktari! Njoo uone. Usivue hata viatu. Faili moja! Kurasa zinafuatana!"

Mwalimu aliinama mbele ya kioo cha kompyuta, mkoba ukiwa bado begani. Ukurasa wa kwanza ulianza hivi: "Kwa hiyo, kama tulivyokwisha kuona hapo juu."

"Hapo juu wapi?" aliuliza.

"Hapo juu vipi?"

"Huu ni ukurasa wa kwanza. Hapo juu kuna nini?"

Mume akachungulia juu ya kioo, kana kwamba kuna kitu kimedondokea nyuma. Mwalimu alifungua folda. Akaifunga, akaifungua tena.

"Za mwanzo ziko wapi?"

"Zile za zamani? Nimezitoa."

"Za zamani?"

"Si umeandika mwenyewe? Mwanzo, halafu katikati, halafu mwisho. Nikachukua ya mwisho."

"Mwanzo wa sura," Mwalimu alisema polepole, kwa sauti anayoitumia darasani mwanafunzi akiwa hajaelewa na kosa si lake. "Sura ina mwanzo, ina katikati, ina mwisho. Kama mtu alivyo na kichwa, kiwiliwili na miguu."

Mume alibaki ameachama. "Kwa hiyo mimi..."

"Umebakiza miguu."

Akakimbilia pipa la taka la kompyuta. Jeupe. Alilimwaga mwenyewe, na hakuna mtu duniani anayemwaga takataka kwa ukamilifu kama mtunza stoo. Nakala nyingine zilikuwa kwenye flashi iliyopigwa na virusi mwaka wa nyuma, na Mwalimu alikuwa kila siku anasema nitanunua nyingine; kwa profesa zilikuwapo rasimu za zamani tu, alizokwisha kuziandika upya. Mume alijishika kichwa. Akasema nimekuua mke wangu, nimekuua. Akaketi chini sakafuni, mtu mzima na kipara chake, machozi yanamlengalenga.

Na Mwalimu? Mwalimu alikaa kwenye kiti, akaisubiri hasira ije. Aliisubiri kama mtu anayesubiri chafya. Haikuja. Kilichokuja kilikuwa kitu kingine, kikapanda taratibu kutoka miguuni, na kilipofika kifuani alikitambua, akaona haya hata kukitaja. Ilikuwa furaha.

Ndiyo, alifurahi. Tuseme ukweli, hapa hatuko kanisani wala mahakamani. Tasnifu haipo. Hakushindwa yeye, hakuacha yeye, hakuna wa kumnyooshea kidole. Imefutwa tu, bahati mbaya, watu watasema pole, na yatakuwa yamekwisha. Alisema, "Acha, baba watoto. Hukukusudia." Kisha akaenda chumbani, akajilaza na nguo zake za kazini, akalala tangu saa tisa alasiri hadi kesho yake watu wanapiga mswaki. Binti yao alikuja mara mbili kumtikisa aone kama yu hai.

Mume, akiona mkewe amemsamehe upesi namna ile, ndiyo kwanza akazidi kuumia. Angetukanwa, angetupiwa hata sufuria, angepata ahueni. Aliibeba kompyuta akaipeleka kwa fundi, mwanamume mnene mwenye kibanda kando ya stendi, kimejaa matumbo ya mashine za watu. Fundi alimwambia kitu kikifutwa hakiondoki mara moja, kinafichwa tu, na kinaweza kurudishwa kama hakijalaliwa na kingine. Lakini itachukua siku. Mume akaomba ruhusa kazini, kitu ambacho hakuwahi kufanya hata alipougua, akawa anashinda pale kwa fundi kutwa nzima.

Siku zile Mwalimu aliishi. Alirudi kutoka shule, akavua viatu, akakaa. Alimsuka binti yake, tena vibaya, mistari imepinda, na wote wawili wakafurahi. Alisikiliza redio hadi mwisho wa kipindi. Kila jioni geti likilia, moyo ulimruka: asije akawa ameyapata. Mume angeingia amenuna, amekonda mashavu, aseme "bado," na Mwalimu angemtengea chakula na kumwambia, "Acha tu, yameshapita." Naye angemtazama mkewe kwa macho ya mtu anayeona wema usio wa kawaida. Hilo lilimchoma Mwalimu kuliko kitu chochote. Alikuwa anasifiwa kwa uongo ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Jumatano alasiri mume alirudi mapema. Alikuwa ameikumbatia kompyuta, ameifunga kwa shuka kama mtoto mchanga. Akaiweka mezani, akachomeka nyaya, akaiwasha. Binti yao alikuwa bado shuleni. Nyumba ilikuwa na wao wawili tu.

"Yamerudi," alisema. "Yote."

Mwalimu akaanza kulia.

"Lia, mama watoto. Lia tu."

Alilia kweli, kwa kwikwi, mabega yanapanda na kushuka, na mumewe akawa anampigapiga mgongoni huku akisimulia, maana alikuwa na mengi. Mafaili yalirudi bila majina. Namba tupu, tena zisizofuatana. Fundi alimwambia, mzee, mimi kazi yangu kurudisha, kupanga shauri yako. Ikabidi ayasome. Yote, ukurasa kwa ukurasa, ajue kipi kimeanza na kipi kimefuata, amekaa kwenye stuli ya fundi huku watu wanaleta simu zilizodumbukia chooni.

"Umeisoma?" Mwalimu aliinua uso.

"Yote. Na yule mjomba wako wa 'tutaangalia' ni kaka yangu mkubwa, usinidanganye."

Mwalimu alicheka katikati ya kilio, kamasi zinamtoka.

"Sasa ni faili moja la haki," mume aliendelea. "Lina kichwa na kiwiliwili. Hata yale mabaki yapo. Hitimisho tu ndilo sikuliona. Nikafikiri fundi hakulirudisha, nikagombana naye."

"Sijaliandika."

"Ndiyo, nikaja kuelewa." Alivuta kiti akakaa, magoti yao yakagusana. "Basi limebaki hilo, na Ijumaa ni keshokutwa."

Hapo ndipo Mwalimu aliposhindwa kubeba zaidi. Alisema akiwa ameinamisha macho.

"Yalipopotea nilifurahi."

Alitegemea mumewe ataruka, au atauliza nini, au ataondoka. Mume aliitikia kwa kichwa.

"Najua."

"Unajuaje?"

"Ulilala. Miaka mingapi sijakuona unalala vile? Nikajua. Lakini sikutaka kujua, unanielewa? Halafu nikakusoma." Aliinyooshea kompyuta kidole. "Sura ya kwanza unatania kila ukurasa. Nilikuwa nacheka peke yangu pale kwa fundi, wateja wananiangalia. Ya pili bado upo. Ya tatu unaanza kupungua. Ya nne hakuna mzaha hata mmoja, ni maneno tu yamepangwa. Nikasema, huyu mtu amechoka, amechokea humu humu ndani, na mimi niko nje nampigia kelele Daktari, Daktari."

Mwalimu alijifuta kamasi kwa kiganja.

"Sasa kwa nini umehangaika kuyarudisha?" aliuliza. "Kama ulijua?"

"Kwa sababu niliyafuta mimi. Kama ni ya kutupwa, yatupe wewe. Haikuwa haki yangu."

Akainuka, akaenda kusimama dirishani, akampa mgongo ili asimtie presha. Mwalimu aligeukia kioo. Alisoma ukurasa wa kwanza, ule wa mwenye duka na "pita kesho" yake, na ulikuwa mzuri. Hiyo ndiyo shida, ulikuwa mzuri. Hitimisho ni kurasa chache. Akikaza leo na kesho, akinywa chai nyingi, anaweza. Alijijua kwamba anaweza. Alifungua ukurasa mpya, akaandika neno Hitimisho, akaweka vidole kwenye kibodi na kusubiri. Vidole vilikaa. Mwili wake wote ulikuwa unamwambia kitu ambacho ulikuwa unamwambia kwa miaka, na safari hii hapakuwa na mtu mwingine wa kumsingizia.

Akachukua simu.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Faili langu liko wapi?"

"Nilikuwa nataka kukwambia, Profesa, hilo la Ijumaa... mambo ya hapa na pale... nitaangalia."

Sauti kavu upande wa pili ikasema, "Mwalimu, usinijibu kwa sura yako ya pili. Nimeisahihisha mara nyingi kuliko unavyokumbuka, 'nitaangalia' najua inakotoka na inakokwenda. Unaleta au huleti?"

Mwalimu alifumba macho.

"Hapana. Sileti."

"Umebakiza hitimisho tu."

"Najua."

"Na unajua baada ya Ijumaa hakuna mlango."

"Najua, Profesa. Nimechoka. Sina sababu nyingine, na wala siumwi. Nimechoka tu."

Alijikaza akisubiri kukaripiwa. Alisikia kiti kikilia kule kwenye ofisi ya profesa, na mlango ukifungwa. Yule mama aliporudi kwenye simu, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Ilikuwa kazi nzuri," alisema. "Katika wanafunzi wangu wote, nilikuwa nasubiri kurasa zako wewe. Sikukwambia. Nilisema nitakwambia siku ya kutetea tasnifu, mbele ya watu."

"Asante, Profesa."

"Nenda kapumzike, mwanangu."

Simu ikakatika. Mume alikuwa amegeuka kutoka dirishani, ameshika mgongo wa kiti kwa mikono miwili. Uso ulikuwa umemshuka, na hakujaribu kuuficha; alikuwa ameingoja siku ile kuliko hata mkewe, na sasa haitakuja. Lakini hakumwambia mkewe kwamba angefanya hivi au vile.

"Amesemaje?"

"Amesema ilikuwa nzuri."

Mume aliitazama kompyuta, akamtazama mkewe.

"Na mimi ningekwambia," alisema. "Ningekuwa nimeisoma mapema, ningekwambia."

Mwalimu aliweka simu mezani, akalaza kichwa kwenye mikono yake, akalia upya. Mumewe akakaa karibu naye.